Dawa ya Kilo Tisini

Kazini tulimwita Asilimia, naye aliitika. Jina alijitakia mwenyewe, maana neno hilo halikuwa likimbanduka mdomoni. Umempa chai, anauliza sukari umetia asilimia ngapi. Umemwambia wingu limetanda, anataka kujua uwezekano wa mvua kwa mia. Siku moja nilimwambia nahisi homa, akaniuliza hisia yenyewe ina nguvu gani, nikamtupia kitambaa cha sakafu. Tumefanya kazi chumba kimoja miaka mingi, na kwa kuwa sikujaliwa kaka wa tumbo moja, nilimfanya yeye kaka yangu. Alikubali bila kupima chochote.

Chumba chenyewe ni mochwari ya hospitali. Mimi naosha na kuvisha, yeye ni mtu wa dawa. Nikiwaambia watu kazi yangu wengi husogea kidogo kwenye benchi. Wasogee tu, mimi napata nafasi ya kukaa vizuri. Hao hao siku wakifiwa huja kunishika mikono, "Dada, tunaomba utuwekee mama vizuri," na mimi nawawekea. Kinyongo kidogo ninacho, ila hakiingii kazini.

Hiyo dawa ni fomalini, inayozuia mwili usioze. Inakuja kwenye madumu, kali ya kutoa machozi ukiwa bado mlangoni. Kwenye kila mia, arobaini ni dawa yenyewe na iliyobaki ni maji. Ukiitia mwilini kama ilivyo unamkausha marehemu ngozi ikashikana na mfupa. Ukizidisha maji, mwili hausubiri ndugu wafike. Kaka yangu alikaa katikati ya hayo mawili maisha yake yote ya kazi, na hakuna familia iliyowahi kurudi kutulalamikia.

Hesabu aliifanya kwa chaki kwenye kibao cheusi juu ya sinki. Kwanza mizani. Mizani yetu iko sakafuni, unasukuma kitanda cha magurudumu juu yake, unatoa uzito wa kitanda, unabaki na mtu. Kila kilo kumi za mtu ni lita moja ya mchanganyiko. Halafu nguvu ya mchanganyiko: mtu mnene ambaye atasubiri sana alimpa nne kwa mia. Aliyekondeshwa na ugonjwa alimpa moja na nusu tu, kwa sababu mwili mkavu hauna maji ya kuipunguzia dawa makali yake. Ukishapata lita na nguvu unazidisha moja kwa nyingine, unagawa kwa arobaini, na jibu ndilo dawa kali utakayomimina. Hata mimi niliyekimbia hesabu shuleni nikaijua.

Wanafunzi waliokuja kujifunza kwake walikipata cha moto. Kuna kosa moja walilipenda: kupima maji kamili kwanza, kisha kuongeza dawa juu yake. Ndoo inajaa kupita kipimo na nguvu inashuka. Alikuwa akiwaangalia mpaka wamalize, halafu anasema kwa upole, "Haya, mwaga." Waanze tena, dawa kwanza, maji mpaka kwenye mstari. Na mwanafunzi aliyetazama mwili akasema "huyu kama sabini hivi" alijuta kuja. "Usinikadirie mtu," alimwambia. "Mpandishe mizanini."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa mumewe ni kaka yangu yeye akawa wifi. Wifi wa kweli, wa kutaniana na kununiana. Alikuwa mwanamke mkubwa, wa kujaa mlangoni, na kicheko chake ulikisikia kabla hujapiga hodi. Kwenye kliniki ya shinikizo alipanda mizani mbele ya foleni nzima, muuguzi akasoma tisini, wifi akageuka akawaambia wenzake, "Tisini, na sitoi hata gramu kwa mtu." Kaka yangu aliisimulia hiyo kwa mwaka mzima. Alikuwa na njia yake ya kuitamka tisini hiyo, utadhani ni cheo alichopandishwa yeye.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, na binti alipomaliza masomo akapata kazi nchi ya mbali, kutunza wazee wa watu. Aliondoka analia, mama yake anacheka kwa nguvu ili asilie. Mimi nilikuwepo. Alimkumbatia mama yake mikono ikashindwa kukutana mgongoni, akasema, "Mama, usije ukapungua, nikirudi nataka nikukute hivi hivi."

Basi wifi akaanza kupungua. Mwanzoni tulimsifu. Mimi mwenyewe nilimwambia amependeza, akaniambia wivu utaniua. Kisha chakula kikaanza kumkataa, kisha maumivu ya tumbo, na majibu yalipokuja yalikuwa saratani, imeshatambaa. Daktari alieleza vizuri na kwa heshima. Kaka yangu alimuuliza maswali yake ya asilimia, daktari akamjibu, na baada ya siku ile sikumsikia tena akiuliza mtu chochote kwa mia.

Wifi alitoa amri moja tu: mtoto asiambiwe. "Yuko kwenye mkataba," alisema. "Akiuvunja amepoteza kila kitu. Na akija atafanya nini? Akae hapo anitazame?" Nilimpinga, tena sana. Nilimwambia mtoto ana haki ya kumuuguza mama yake. Akaniambia nizae wangu nimuulize haki zake. Hapo alinikata maini, kwa sababu anajua sikuzaa, na anajua nitanyamaza. Kesho yake aliniomba radhi, lakini amri hakuitengua.

Kwa hiyo kwenye simu ilikuwa sauti tu. Kamera imeharibika, walimwambia. Fundi wa simu hajarudisha. Kila wiki kaka yangu alimkalisha wifi na mito mgongoni, wifi anapiga moyo konde, anacheka kile kicheko chake mpaka simu ikatwe, halafu analala siku nzima kwa uchovu. Mtoto alijua mama ana shinikizo la damu kidogo na anatumia dawa. Akatumiwa picha za zamani, za harusi ya jirani, akajibu, "Mama, umenenepa, hongera."

Alifia nyumbani asubuhi, mumewe anamnywesha maji kwa kijiko. Tulimleta mochwari kwa gari la hospitali. Kitandani kwetu nilimhamisha mimi, peke yangu, kwa mikono hii miwili. Nilikuwa nimejiandaa kubeba wifi yangu. Nilichobeba kilikuwa mzigo wa kubebwa na mtoto wa shule, na nilipomlaza ilibidi nitoke nje nikakae kwenye ngazi. Nimeosha watu wengi mno, sikuwahi kwenda kukaa kwenye ngazi.

Nikiwa pale nilimsikia kaka yangu upande wa pili wa ukuta anampigia binti yake. Habari alishampa, sasa walikuwa wanapanga safari. Ruhusa ilikuwa bado, nafasi ya ndege bado, si wiki hiyo wala pengine inayofuata. Binti alikuwa akilia mpaka namsikia mimi. Na baba mtu akasema, "Njoo kwa wakati wako, mwanangu. Tutakusubiri. Utamkuta mama yako vile vile ulivyomwacha."

Nikasema moyoni, huyu anaahidi nini? Mtoto alimwacha mama gani, na sisi tuna yupi humu ndani?

Majokofu yetu hufanya kazi yanapotaka, umeme ukija ukiondoka, kwa hiyo mtu wa kusubiri ndugu wa mbali ni lazima atiwe dawa. Na tuna desturi kazini, haikuandikwa popote lakini tunaifuata: mtu wako akifa, humtengenezi wewe. Msimamizi alisema atamwita mtu wa dawa kutoka hospitali nyingine. Kaka yangu akakataa. "Huyo mtu hamjui," alisema. "Atamgusa kama mtu yeyote." Msimamizi akaniangalia mimi, mimi nikaangalia sakafu, kwa sababu kwa hilo nilimwelewa.

Akavaa glavu, akavaa barakoa, akachukua chaki. Nilikuwa naandaa pamba na maji ya kuoshea, nimempa mgongo. Nilisikia chaki inakwaruza, nikageuka. Juu kabisa ameandika tisini. Chini yake lita tisa. Chini yake nne kwa mia. Tisa mara nne, thelathini na sita, kugawa arobaini. Mililita mia tisa za dawa kali.

"Kaka," nikasema, "hujampandisha mizanini."

"Namjua."

"Wifi hana tisini sasa."

"Dada, mke wangu ninamjua uzito wake." Hakupaza sauti. Alishaanza kumimina kwenye chupa ya kupimia, jicho lake liko sawa na mstari, mkono hautikisiki.

"Nimembeba sasa hivi mimi. Hafiki arobaini na tano. Huyu ni wa moja na nusu, kaka, na lita nne zinamtosha. Hesabu hii umenifundisha wewe."

Akageuka akanitazama juu ya barakoa. Mtu huyu alikuwa amembeba mkewe kumpeleka bafuni na kumrudisha, amemgeuza kitandani usiku na mchana, amemkatia nguo zake za zamani zimfae. Hakuna aliyejua uzito ule kumshinda. Lakini nilimwangalia machoni nikaona kwamba aliyelala pale kwake bado ni yule wa foleni ya kliniki. Akili ilikuwa imegoma. "Nisaidie kitu kimoja," akasema. "Toka nje. Niache na mke wangu."

Mtu akikuambia niache na mke wangu utasema nini? Nilisimama, nikasema tena lile la mizani, akarudia tena maneno yake, nikatoka. Wapo watakaosema ningemnyang'anya chupa. Waje wanyang'anye wao.

Asubuhi yake nilipofika, kaka yangu alikuwa ameshafika kabla yangu. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, kidole kwenye shavu la wifi. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Uso ulikuwa umeingia rangi ya majivu, midomo imerudi nyuma, ngozi ya paji la uso imekaza na ukigonga ni ngumu. Nimeona miili iliyozidishiwa dawa, ya watu waliotengenezwa kwingine ikaletwa kwetu. Naijua. Naye aliijua kuliko mimi.

Akaenda mpaka kwenye kibao. Hesabu ya jana ilikuwa bado ipo.

"Dada, hapa nimeandika nini?"

"Umeandika tisini."

"Mbona hukunizuia?"

"Nilikuzuia, kaka."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ulinizuia."

Kisha akasukuma kitanda juu ya mizani, akiwa amechelewa hivyo, akasoma namba, akasimama pale na mikono yake imening'inia. Sikumuuliza ni ngapi. Nililia kwa sauti kubwa hivyo hivyo, glavu mkononi, na yeye hakulia. Alichukua kitambaa, akakilowesha maji, akakiweka juu ya uso wa mkewe, na kila kilipokauka akakilowesha tena. Alifanya hivyo siku zote tulizosubiri. Nilimwambia haisaidii, dawa ikishakaza imekaza. Alijua haisaidii. Mimi nami nilileta mafuta na poda, nikapaka kidogo kidogo, nikafuta, nikapaka tena, na kila nilivyozidi kujitahidi wifi alizidi kuwa mtu nisiyemfahamu.

Gauni lake la bluu la sherehe, alilolishona mwenyewe, lilimmeza. Nilikusanya kitambaa mgongoni nikabana kwa pini, nikajaza pamba mabegani na kifuani. Nilikuwa nimemshonea uongo, na sikuona haya.

Binti akafika mchana, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na sanduku lake analiburuta. Alikuwa amekuwa mwanamke. Alinipa mkono, akanikumbatia, akamkumbatia baba yake muda mrefu. Kisha akasema yuko tayari. Nikafungua mlango wa kile chumba kidogo cha kutazamia, chenye pazia na kiti kimoja, nikafunua shuka mpaka kifuani.

Akatazama. Akanigeukia kwa adabu, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Shangazi, huyu siye. Mmenitolea mtu mwingine."

Akatazama tena, akavuta shuka, akaushika mkono wa kulia. Kucha ya kidole cha shahada ilikuwa na ufa katikati, pale sindano ya cherehani ilipopita mtoto huyu akiwa bado anatambaa. Kila fundi ana alama yake na ile ilikuwa ya wifi. Alikishika kile kidole, akakisugua kwa gumba lake. Nikamsogezea kiti akakaa.

Alipoongea sauti ilikuwa ndogo sana.

"Amekonda hivi tangu lini?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo, na kusema kweli nililitaka. Nilikuwa nimechoka na kamera iliyoharibika. Nilivuta pumzi nimwambie yote, amri ya mama yake, mito mgongoni, kijiko cha maji. Baba yake akanitangulia.

"Hakukonda," akasema.

"Baba, mtazame."

"Ni dawa hiyo. Dawa kali inavuta maji yote mwilini, mtu anasinyaa. Mama yako alikufa ghafla, moyo ulisimama. Alikuwa vile vile. Ni mimi nimemharibu."

"Umemharibu vipi?"

"Nilisahau maji," akasema kaka yangu. "Sikuichanganya. Niliitia kama ilivyotoka kwenye dumu."

Nilimtazama nikadhani sikusikia vizuri. Hilo si kosa la mtu wa dawa. Hilo si kosa hata la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Anayefanya hivyo anafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Kosa alilofanya kweli lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa na namba na lilikuwa na sababu. Huyu alijichagulia lisilo na sababu, akalibeba mbele ya mtoto wake, na akalisema kwa sauti ile ile aliyowafundishia wanafunzi ili aaminike. Na aliaminika. Nani angejua mambo hayo kumshinda yeye?

Binti akasimama.

"Maisha yako yote unawatengeneza watu wa watu," akasema. "Nimekua nasikia sifa zako. Watu wanakusimamisha njiani wanakushukuru. Kwa mama yangu ndiyo ukasahau maji?"

"Ndiyo."

"Nilivuka bahari nije nimwone uso."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Akamrudishia mama yake shuka, taratibu, akaiweka sawa pembeni, akatoka na sanduku lake. Alikwenda kulala kwangu. Chumba chake kwa baba yake kilikuwa kimefagiliwa na kitanda kimetandikwa, hakukiona.

Nilimrudia kaka yangu pale pale. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwita mwongo, nilimwita mwoga, nikamwambia anamnyima mtoto ukweli mara ya pili, na kwamba nikifika nyumbani namweleza kila kitu, liwalo na liwe. Aliniacha nimalize.

"Ukimweleza, ataanza kuhesabu," akasema. "Kila simu aliyopigiwa. Kila alipocheka mama yake. Atajiuliza siku ile mama anatapika mimi nilikuwa wapi, nilikuwa namlisha mzee wa nani. Atahesabu mpaka afe. Sasa hivi ana kitu kimoja tu, ana hasira na mimi. Hasira inabebeka, dada. Mwache nayo."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikosea kweli," akasema. "Si hivyo nilivyomwambia, lakini nilikosea. Ningemtia dawa yake halali mtoto angemwona amekonda, lakini angemwona mama yake. Hilo nimemnyima mimi. Kwa hiyo sijamdanganya sana."

Jioni ile badala ya kwenda kumwaga siri nilipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zao, nikawaomba wanawake wafunge midomo mpaka mtoto aondoke. Najua mnavyowaza kuhusu majirani na siri. Walifunga. Mmoja, mgomvi wa wifi wa siku zote, ndiye aliyesimama matangani akaeleza alivyomwona marehemu juzi yake tu amebeba ndoo mbili za maji kichwani na mkononi. Alitia chumvi mpaka nikamfinya.

Tulizika na jeneza limefungwa. Baba na binti walisimama pande mbili za kaburi. Watu walipopita kutoa mkono wa pole binti alimpa kila mtu mkono isipokuwa baba yake, na watu waliona, na kaka yangu aliwaacha waone. Binti alikaa kwangu siku chache, anashona vifungo vya nguo zangu bila kuombwa, kisha akarudi kwenye wazee wake.

Kaka yangu yuko kazini bado. Wanafunzi wapya wanamwogopa zaidi kuliko wa zamani, kwa sababu sasa hafundishi kwa maneno, anawasogezea tu kitanda kwenye mizani na kusubiri. Nyumbani amebaki na cherehani ambayo hajaifunika. Sura yake imeshuka. Nampelekea chakula, anakula kidogo, ananishukuru, tunazungumza habari za msimamizi na umeme.

Binti hunipigia mimi. Anaongea mambo ya kazi, baridi ya kule, mzee mmoja anayemwita kwa jina la mkewe. Wiki iliyopita alipiga nikiwa kazini, mchana, kaka yangu yupo kwenye sinki anaosha vyombo vyake. Tulisalimiana, kisha binti akauliza, "Shangazi, niambie kweli. Mama alikuwa mnene mpaka mwisho?"

Kaka yangu alikuwa amefunga maji ili asikie. Hakugeuka.

"Mpaka mwisho, mwanangu," nikasema. "Alikuwa anajaa mlangoni."

Nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja. Akasema ahsante, akasema kazi njema, akakata. Hakuulizia mtu.

Nikaweka simu mfukoni. Kaka yangu alikuwa bado amenipa mgongo, mikono iko ndani ya sinki lisilo na maji yanayotiririka.

"Anakuamkia," nikamwambia.

"Marahaba," akasema, akafungua bomba.